Akiba Haiozi

Kuna neno moja linalosemwa mara nyingi katika mitaa na vijiji vyetu, hata mbele ya mlango wa kanisa baada ya Misa: "Yule amepoteza miaka yake." Linasemwa juu ya kijana aliyesomea ualimu, kisha akafungua duka. Linasemwa juu ya binti aliyesomea uuguzi, leo anashona nguo. Linasemwa pia juu yetu sisi tuliopita seminarini, tukasoma filosofia, halafu kwa shauri la wakubwa wetu na la dhamiri yetu tukarudi nyumbani bila kupewa Daraja takatifu, tukawa makatekista. Watu hututazama, hutikisa kichwa, huhesabu kwa vidole miaka ya seminari ndogo na miaka ya seminari kubwa. Mwisho husema: yote bure.

Siku hizi neno hilo limepata mahali papya pa kukaa. Vijana wengi waliosomea uinjenieri wameacha mashine na migodi, wameingia kazi ya informatiki, ndiyo kusema kazi ya kompyuta, au ordinatere kama tulivyozoea kusema hapa kwetu Kongo. Wazazi wao wanauliza: Tulilipa minervali ya nini? Sisi tunaona neno hili lapasa kupimwa vizuri. Linaumiza watu, tena linavunja jamaa. Basi tujue kama ni la kweli ama sivyo.

Tutatwaa mfano wa mtu mmoja ambaye safari yake inajulikana wazi. Jina lake ni Robert Cailliau, mtu wa Ubelgiji. Wasomaji wengi hawajapata kulisikia jina hilo, ingawa kila siku wanatumia kitu ambacho yeye alisaidia kukileta duniani.

Injenieri kwanza

Robert Cailliau alizaliwa tarehe 26 Januari 1947 katika mji wa Tongeren, upande wa mashariki wa Ubelgiji. Mwaka 1958 jamaa yake ilihamia Antwerp, bandari ile ile ambayo wazee wetu waliijua kwa sababu ya meli zilizotoka Matadi. Baadaye akaingia Chuo Kikuu cha Gent, akatoka huko mwaka 1969 akiwa na diploma ya injenieri wa mashine na umeme.

Hapa tusimame kidogo, maana diploma ya namna hiyo twaijua. Wabelgiji wanaosema Kifaransa humwita mtu huyo "ingénieur civil", na jina hilo lilivuka bahari likafika mpaka kwetu. Wanaomaliza politekniki Lubumbashi huitwa hivyo hivyo. Wengi hudhani kwamba neno "civil" maana yake ni mjenzi wa nyumba na madaraja. Sivyo. Zamani mainjenieri walikuwa watu wa jeshi, kazi yao ilikuwa ngome na mizinga. Walipotokea wengine wasiokuwa askari, ikabidi wapewe jina la kuwatenga: mainjenieri wa raia. Kwa hiyo mtu aweza kuwa "ingénieur civil" wa migodi, wa umeme, au wa mashine, hata kama hajapata kujenga ukuta mmoja.

Masomo hayo ni marefu na magumu. Wakati wa Cailliau yalikuwa ya miaka mitano, na kabla ya kuingia kulikuwa na mtihani wa hesabu. Ndani ya miaka hiyo mwanafunzi hujifunza hesabu za juu, mwendo wa vitu, joto, umeme, na jinsi chuma kinavyochoka. Lakini zaidi ya hayo yote hufundishwa tabia moja: asiamini kwamba kitu kitashika mpaka amekipima. Fundi asiyepima hujipa moyo akisema, "Labda itashika." Injenieri hapewi ruhusa ya kusema labda. Tunamwomba msomaji aikumbuke tabia hiyo, tutaikuta tena mbele.

Mlango wa pili

Basi, mtu wa mashine na umeme aliingiaje katika kompyuta? Hakuamka siku moja akachukia mashine. Mashine zenyewe ndizo zilizomvuta. Wakati ule injenieri alikuwa na hesabu ndefu za kufanya, hesabu za kurasa na kurasa, na kosa moja katika ukurasa wa kwanza liliharibu kurasa zote zilizofuata. Kompyuta iliingia vyuoni kama mtumishi wa kusaidia hesabu hizo. Wengine walimwona mtumishi tu, wakamwachia mtu mwingine amwangalie. Cailliau alitaka kujua mtumishi huyo anafikirije.

Akakubali kuketi tena kwenye benchi. Alikuwa injenieri mzima, mwenye diploma ambayo wengi waliitamani, lakini alivuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na mwaka 1971 akapata huko shahada nyingine, ya uinjenieri wa kompyuta na wa uongozi wa mitambo. Aliporudi Ubelgiji akatumikia jeshi kama vijana wengi wa nchi yake wakati ule. Na jeshini kazi yake ilikuwa nini? Kutunza programu zilizoandikwa kwa lugha iitwayo Fortran, programu za kuigiza mwendo wa vikosi vya askari. Hata huko kompyuta ilimfuata.

Desemba 1974 akaingia CERN. CERN ni nyumba kubwa ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1954 karibu na Geneva, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Nchi nyingi za Ulaya zinaitunza pamoja. Humo wataalamu huchukua vipande vidogo kabisa vya maumbile, ambavyo jicho haliwezi kuviona hata kwa darubini, huvikimbiza kwa nguvu ya umeme na sumaku, kisha huvigonganisha ili wajue vimefanyika namna gani. Mashine aliyowekwa kuihudumia Cailliau inaitwa Proton Synchrotron, iliyoanza kazi mwaka 1959. Ni duara lenye mzunguko wa meta 628. Vipande hivyo vikifikia mwendo wao mkubwa huzunguka duara hilo zaidi ya mara 400,000 kwa sekunde moja.

Msomaji afikiri kidogo. Ni mkono gani wa mtu unaoweza kuongoza kitu chenye mwendo huo? Hakuna. Sharti kompyuta iongoze. Lakini kompyuta haijui sumaku ni kitu gani, haijui kwamba waya ukipitishwa umeme mwingi hupata moto. Anayejua ni mtu anayeiandikia programu. Akiijua kompyuta tu bila kujua sumaku, ataiamuru vibaya. Akijua sumaku bila kuijua kompyuta, hataweza kuiamuru. Alitakiwa mtu mwenye vyote viwili. Hapo ndipo masomo ya Gent na masomo ya Michigan yalipokutana mezani pamoja, na hakuna aliyeweza kusema kwamba ya kwanza yalikuwa bure.

Kuanza tena katika miaka arobaini

Miaka kumi na miwili ikapita katika kazi ya kuongoza mashine hiyo. Aprili 1987, akiwa na miaka arobaini, Cailliau akaiacha, akawa mkubwa wa kikundi kilichoshughulikia kompyuta za maofisi. Mtu wa kwetu angesema: ameshushwa. Kutoka kwenye mashine kubwa ya kuchunguza maumbile mpaka kwenye barua na karatasi za ofisi!

Kumbe shida kubwa ya nyumba ile ilikuwa katika karatasi hizo. CERN ilikuwa na watu wa nchi nyingi, wanaokuja na kuondoka. Kila kikundi kilikuwa na kompyuta ya namna yake, na kompyuta ya huyu haikusikilizana na ya yule. Mtu alijua jambo, akaliandika, akaondoka. Aliyekuja nyuma yake hakuona pa kulitafuta. Akili nyingi zilikusanyika mahali pamoja, lakini habari zao zilitawanyika kama mahindi yaliyomwagika barabarani.

Machi 1989, Mwingereza mmoja aliyefanya kazi mumo humo, Tim Berners-Lee, aliandika shauri lake: habari zote ziunganishwe kwa viungo, hata mtu akiwa anasoma ukurasa mmoja aweze kugusa neno na kupelekwa kwenye ukurasa mwingine, ulio katika kompyuta nyingine, hata katika nchi nyingine. Na Berners-Lee naye hakuingia kwa mlango wa kompyuta: huko Oxford alisomea fizikia, akamaliza mwaka 1976.

Wakati huo Cailliau naye alikuwa ameanza kufikiri mradi wake mwenyewe unaofanana na ule. Hapa ndugu wasomaji tuangalie vizuri, maana hapa ndipo watu wengi huanguka. Watu wawili wana wazo la aina moja, katika nyumba moja. Mara nyingi hutokea nini? Kila mmoja huvuta kwake, husema mimi nilianza, huwaita rafiki zake, na mwisho mashauri yote mawili hufa. Tumeona hivyo katika vyama vya parokia zetu. Cailliau alisoma shauri la mwenzake, akaliona ni bora kuliko lake, akaliweka lake chini, akajiunga naye.

Tarehe 12 Novemba 1990 wakatoa shauri jipya lenye majina yao mawili. Humo kazi hiyo ilikuwa imepata jina ambalo leo dunia yote hulifupisha kwa herufi tatu, W tatu zinazofuatana. Maana yake ni utando wa dunia nzima. Kwa Kiswahili watu wameufanya kuwa wavuti. Wasomaji wasiuchanganye na intaneti. Intaneti ni barabara zinazounganisha kompyuta, nazo zilikuwako kabla yake. Wavuti ni kurasa zinazosafiri katika barabara hizo, pamoja na viungo vyake. Barabara zilikuwako, lakini watu wa kawaida hawakujua kutembea ndani yake mpaka wavuti ulipokuja.

Mkono wa pili

Kazi ya kutunga programu za kwanza ilikuwa ya Berners-Lee, na ni haki jina lake litangulie. Kazi ya Cailliau ilikuwa ipi? Alisaidia kuliandika upya shauri ili wakubwa walielewe. Alipiga hodi katika maofisi kuomba fedha. Alitafuta vijana wa kusaidia. Pamoja na mwenzake aitwaye Nicola Pellow alifanya programu ya kwanza ya kusoma wavuti kwenye kompyuta za Macintosh. Mei 1994 alikusanya hapo CERN mkutano wa kwanza wa wavuti wa watu wa nchi mbalimbali, wakaja karibu watu 400. Alianzisha pia, pamoja na wakubwa wa Umoja wa Ulaya, mradi wa kuupeleka wavuti mashuleni.

Lakini kuna kazi moja ambayo sisi tunaihesabu kuwa kubwa kuliko hizo, nayo ni kazi ya makaratasi. Mwaka 1993 chuo kikuu kimoja cha Marekani, chenye njia yake ya kutafuta habari iliyoitwa Gopher, kilitangaza kwamba wengine wa wanaoitumia watatozwa fedha. Watu waliingiwa na hofu, wakaanza kuiacha. Je, na wavuti utauzwa? Cailliau aliketi na wanasheria wa CERN, akafanya nao kazi mpaka ikatoka hati. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba programu za wavuti ni mali ya watu wote: kila mtu azitumie, azigeuze, azipeleke atakako, bila kulipa.

Tufikiri ingekuwaje kama wangechagua njia nyingine. Kama kila ukurasa ungekuwa na kodi ya mwenye wavuti, mwanafunzi wa Kalemie au wa Bunia angefungua nini leo? Hata sasa bei ya kuingia intaneti ni nzito kwa watu wetu, na mahali pengi umeme haupo. Walakini kikwazo hicho kimoja kiliondolewa siku ile, kwa hati fupi ambayo wengi hawajui kama iko. Mwaka 2007 Cailliau alistaafu. Jina lake halikupata kujulikana kama la mwenzake. Kazi inaendelea.

Habari ya baba mmoja na mwanawe

Msomaji aweza kusema: Hayo ni mambo ya Ulaya, sisi tuna ya kwetu. Ndiyo. Basi tueleze habari moja ya parokia yetu, upande huu wa Katanga, bila kutaja jina la mtu.

Mzee mmoja alifanya kazi ya madini miaka mingi. Alikuwa na mtoto mmoja mwenye akili, akamsomesha politekniki. Alilipa minervali kwa mshahara. Mshahara ulipokatika alilipa kwa mkaa na mahindi. Mwaka wa mwisho aliuza kiwanja alichorithi. Kijana akapata diploma, akapata kazi kwenye mgodi. Huko akakuta pampu zinaongozwa kwa kompyuta, akapenda kazi hiyo, akajifunza usiku, na baada ya miaka michache akaacha mgodi, akawa mtu wa informatiki. Baba aliposikia alinyamaza. Alinyamaza hivyo karibu mwaka mzima, kijana akileta sukari na chumvi baba hapokei.

Tulikwenda kwake. Akatuambia: "Mwalimu, mimi nilimtuma mtoto kuleta shoka. Amerudi na kioo." Tukamwuliza: "Baba, je, shoka imepotea?" Akajibu: "Mimi siioni." Hatukuwa na neno la kumjibu siku hiyo, maana kiwanja kilichouzwa si hadithi, na machozi ya mzee hayafutwi kwa mifano mizuri.

Jambo lililofuata halikuletwa na maneno yetu. Masista wana kituo cha afya, nao walipewa kompyuta za kuandika habari za wagonjwa. Kila masika radi ikipiga, mashine moja huungua. Mafundi walikuja mara mbili, wakatazama kompyuta, wakaibadilisha, wakachukua fedha, wakaenda zao. Mara ya tatu masista wakamwita kijana yule. Alipofika hakuigusa kompyuta. Alizunguka nyuma ya nyumba na mita yake ya kupimia umeme, akatafuta waya wa ardhi, yaani ule unaopeleka umeme mbaya chini ya udongo. Akaukuta umefungwa kwenye kipande cha chuma chenye kutu, kilichochomekwa katika mchanga mkavu. Yaani haukupeleka kitu mahali popote.

Ilitakiwa fimbo ndefu ya shaba, ipigwe chini mpaka kwenye udongo wenye maji. Kijana hakujua mahali pa kupata shaba nzuri kwa bei ya haki. Anayejua shaba pale mtaani ni nani? Ni baba yake. Akaenda kumwuliza. Maneno yao ya kwanza baada ya mwaka mzima yalikuwa juu ya unene wa fimbo ya shaba. Mzee alimpeleka kwa mtu anayemfahamu, akaichagua mwenyewe, akaja kuisimamia ikipigwa chini, akimgombeza kijana kwamba anaishika vibaya. Tangu siku hiyo masika mawili yamepita, na hakuna kompyuta iliyoungua pale.

Baba bado husema habari ya kiwanja. Lakini chumvi anapokea.

Kugeuka na kukimbia

Sasa turudi kwenye neno letu la kwanza. Je, anayegeuza kazi amepoteza miaka yake? Tusijibu haraka, maana kuna kugeuka na kuna kukimbia. Mwanafunzi aliyeshindwa hesabu kwa uvivu, akasema atakwenda kompyuta kwa sababu hapo anaketi kivulini, huyo hakugeuka, amekimbia. Nako atakakofika hesabu itamngojea mlangoni. Twaweza kuwatambua kwa maswali matatu.

Swali la kwanza: amebeba nini kutoka nyumba ya kwanza? Cailliau alibeba ujuzi wa mashine na ile tabia ya kupima. Kijana wetu alibeba mita ya umeme, na jicho la kutazama nyuma ya nyumba wakati wengine wanatazama kioo. Mtu asiyebeba kitu, ni kweli miaka yake imepotea. Lakini ingepotea hata kama angekaa pale pale.

Swali la pili: amekubali kuketi tena kwenye benchi? Kazi mpya haiheshimu diploma ya zamani. Mtu mwenye cheo akiogopa kuuliza mbele ya watoto, hatajifunza. Huu ni unyenyekevu wa kweli, tena ni mgumu kuliko kufunga chakula siku ya Ijumaa Kuu.

Swali la tatu: nani anapata faida? Kama ni mfuko wake peke yake, kugeuka kwake ni biashara tu. Kama ni mgonjwa wa masista, ni mwanafunzi, ni mama yake aliyeuza kuku, basi kuna baraka ndani yake. Na hapa tunawaambia vijana waziwazi: fedha ya minervali ilitoka jasho la mtu. Ninyi mlio na mshahara wa informatiki, rudisheni kiwanja cha baba, au walau anzeni kukirudisha. Yeye hasemi juu ya kompyuta tu; anasema juu ya deni. Amri ya kuheshimu baba na mama haina mwisho siku ya kupata diploma.

Wazazi nao twawaomba wasihesabu masomo kama mfuko wa unga, ukitoboka basi. Wazee wetu walisema akiba haiozi. Tazameni Mitume. Mathayo alikuwa mtoza kodi, mtu wa kalamu na hesabu. Bwana Yezu alipomwita aliacha meza ya kodi, lakini kalamu haikumpotea, na Kanisa linamheshimu kama mwandishi wa Injili. Mtakatifu Paulo alisomea Sheria ya Musa, tena alijua kushona mahema. Alipokuwa Mtume aliwahubiria Wayahudi kwa masomo ya kwanza, akajilisha kwa kazi ya mikono ili asiwalemee Wakristu. Mungu aliyewaita hakuwaambia watupe walichokijua. Alikitumia mahali ambapo wao wenyewe wasingepafikiri.

Na sisi tuliotoka seminarini, tuseme nini? Hatutasema kwamba hatukuumia. Kuna jioni ambazo mtu huketi mbele ya nyumba yake, husikia kengele ya misioni, na kuhesabu miaka kwa vidole vyake mwenyewe, kama watu wanavyomhesabia. Lakini asubuhi wanakuja wakatekumeni. Yuko mama asiyejua kusoma, anauliza kwa nini Mungu amemwacha mtoto wake afe. Swali hilo tulilisoma kwa Kilatini, tukaliandikia kurasa nyingi, tukapewa alama. Sasa ndipo tunapolijibu kwa mara ya kwanza, kwa Kiswahili, mbele ya mtu anayelia. Tunajua maneno gani si ya kweli, hata tusimdanganye. Tunajua pia pa kunyamaza. Hayo hatukuyaokota njiani. Tulifundishwa, na kuna watu waliolipa ili tufundishwe.

Basi, ndugu wasomaji, mtakapomwona kijana amebadilisha kazi, msikimbilie kusema amepoteza miaka. Mwulizeni kwanza amebeba nini, na amempelekea nani. Akiwa na jibu, mshukuruni Mungu pamoja naye. Asipokuwa nalo, mkalisheni karibu, mmsaidie kulitafuta katika mzigo wake. Pengine limo ndani, ila hajafungua.